Kivuli nje kwanza: kupunguza joto linaloingia madirishani katika nyumba za pwani

Chukua dirisha la kawaida la alumini, sentimita 150 kwa 120, kwenye ukuta wa magharibi wa nyumba iliyoko Tanga, Dar es Salaam au Mombasa. Ukitoa fremu, kioo kinabaki kama mita mraba 1.5. Saa kumi na nusu jioni, siku ya Februari isiyo na mawingu, jua linaupiga ukuta huo kwa takriban wati 600 kwa kila mita mraba. Kioo cha kawaida kisicho na rangi, cha milimita 5, hupitisha ndani karibu asilimia 80 ya joto hilo. Zidisha 600 kwa 1.5 kwa 0.8, unapata wati 720. Kiyoyozi cha BTU 9,000 kina nguvu ya kupoza ya wati 2,640 hivi. Dirisha moja tu limekula zaidi ya robo yake, na bado hujahesabu paa, watu, friji wala televisheni.

Sasa hesabu joto linalopenya kwenye kioo hicho hicho kwa sababu tu nje kuna joto kuliko ndani. Nje nyuzijoto 32, ndani 25, tofauti ni 7. Kioo kimoja hupitisha wati 5.8 hivi kwa kila mita mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Zidisha 5.8 kwa 1.5 kwa 7: wati 61. Ukiweka vioo viwili vyenye nafasi ya hewa katikati, kiwango hicho kinashuka hadi 2.8 hivi, na joto linakuwa wati 29. Umeokoa wati 32 kwa gharama kubwa, huku zile 720 za jua zikiendelea kuingia karibu kama zilivyokuwa.

Ushauri mwingi kuhusu madirisha umeandikwa kwa ajili ya nchi za baridi, ambako nje ni barafu na ndani wamewasha moto. Huko vioo viwili ndilo jambo la kwanza. Pwani ya Afrika Mashariki adui ni mwale wa jua unaopita kwenye kioo, na mwale huo hukamatwa vizuri zaidi kabla haujagusa kioo. Kwa hiyo mpangilio wa kazi ni huu: kivuli cha nje, kisha mianya ya hewa kwa chumba chenye kiyoyozi, kisha aina ya kioo. Anayeanza na kioo anaanza na kilicho ghali na kuacha chenye faida.

Jua lako linatoka wapi

Kabla ya kununua chochote, tembea na simu yenye dira ukaandike kila dirisha linatazama upande gani. Kisha siku moja ya jua kali ingia kila chumba saa tatu asubuhi, saa sita na nusu mchana, na saa kumi na nusu jioni, uweke alama kwa chaki mahali mwale unapofika sakafuni. Dirisha ambalo mwale haufiki ndani saa zote hizo liache lilivyo. Mara nyingi utakuta madirisha mawili au matatu tu ndiyo yanayoipasha nyumba nzima, na fedha yako yote iende huko.

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta. Maana yake ni kwamba jua la adhuhuri husimama upande wa kaskazini miezi ya katikati ya mwaka, hupita juu kabisa ya utosi mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, na kati ya Oktoba na Machi husimama upande wa kusini. Madirisha ya kaskazini na kusini yote mawili hupigwa na jua, kila moja kwa msimu wake, lakini jua hilo liko juu sana, hivyo shedi fupi, yaani kipaa kidogo kinachotokeza juu ya dirisha, inalimaliza. Madirisha ya mashariki na magharibi hupigwa mwaka mzima na jua lililo chini, na shedi ya juu haiwezi kulizuia. Nyumba nyingi huharibiwa hapa: fundi anamwaga shedi za zege za ukubwa mmoja kuzunguka nyumba yote, sentimita 45 kila upande. Upande wa kusini zinasaidia kiasi, upande wa magharibi hazifanyi lolote.

Shedi ya kaskazini na kusini

Pima kwa futi kamba kutoka upande wa chini wa shedi, au wa upenu wa paa, hadi kizingiti cha chini cha dirisha. Usipime urefu wa kioo peke yake. Shedi iliyo sentimita 30 juu ya dirisha inabidi izuie na hizo 30 pia. Kipimo hicho kizidishe kwa namba ya mji wako upate upana wa shedi unaofunika dirisha lote adhuhuri, siku ambayo jua limeinama zaidi upande huo.

Dar es Salaam: 0.58 kwa kaskazini (Juni), 0.30 kwa kusini (Desemba).
Mombasa: 0.52 kwa kaskazini, 0.35 kwa kusini.
Mtwara: 0.67 kwa kaskazini, 0.23 kwa kusini.

Kwa dirisha la sentimita 120 jijini Dar es Salaam ni sentimita 70 upande wa kaskazini na 36 upande wa kusini. Lakini hizo ni za adhuhuri. Ukitaka dirisha la kusini lisiguswe na jua la Desemba tangu saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, panua hadi sentimita 55. Tungeshauri hivyo, kwa sababu Desemba ndiyo joto linaanza kupamba moto. Upande wa kaskazini ungehitaji 95 kwa saa hizo hizo, na hapo hakuna haja: Juni na Julai ni kipupwe, mwale kidogo wa asubuhi karibu na kizingiti hauumizi mtu. Sentimita 70 zinatosha.

Shedi isiishie pale dirisha linapoishia. Jua la asubuhi na la alasiri huja kwa mshazari na kuingia ubavuni, kwa hiyo izidi dirisha kwa sentimita 30 kila upande. Kama unatumia bati au alumini badala ya zege, acha mwanya wa sentimita 5 hadi 10 kati ya shedi na ukuta, juu kabisa, ili hewa iliyopata moto chini ya bati itoke. Shedi ya bati iliyozibwa ukutani inageuka kuwa mfuko wa hewa moto, na ukifungua dirisha hewa hiyo ndiyo unayoivuta ndani.

Magharibi: luva za mbao

Saa kumi na nusu jioni jua liko kama nyuzi 30 juu ya upeo wa macho. Kulizuia kwa shedi ya juu kungehitaji shedi ya mita 2 kwa dirisha la sentimita 120. Hiyo ni veranda, na kama unayo nafasi ya veranda, jenga veranda. Kama huna, weka kizuizi kinachosimama mbele ya dirisha lenyewe. Mafundi wa Mji Mkongwe, Zanzibar, walilijua hili muda mrefu kabla ya kiyoyozi: milango ya dirisha ya mbao yenye luva hufungwa jua likiwaka, upepo unapita, mwale unabaki nje.

Hapa kuna vipimo vya kizuizi kimoja cha dirisha la 150 kwa 120. Fremu yake iwe na upana wa sentimita 180 na kimo cha 150, yaani izidi dirisha kwa sentimita 15 kila upande. Tumia mbao za 2×4 zilizotiwa dawa, ule upande wa inchi 4 ukitokeza nje kutoka ukutani. Unahitaji mbao 3 za futi 12: moja inatoa vipande viwili vya sentimita 180, ya pili inatoa viwili vya 140, ya tatu kimoja cha 140 kwa ajili ya nguzo ya kati. Usiiache nguzo ya kati. Luva ya inchi 1 yenye urefu wa zaidi ya mita moja na nusu hupinda ndani ya msimu mmoja wa mvua na jua.

Luva zenyewe ni mbao za 1×4. Kata vipande 42 vya sentimita 82, yaani 21 kila upande wa nguzo. Ubao wa futi 12 unatoa vinne, kwa hiyo nunua mbao 11. Kila luva ilazwe nyuzi 45, ukingo wa nje ukiwa chini na wa ndani ukiwa juu. Umbali kutoka ukingo wa juu wa luva moja hadi ukingo wa juu wa inayofuata uwe sentimita 6.5. Kipimo hiki hakikuchaguliwa ovyo. Ubao wa sentimita 10 ukilazwa nyuzi 45 hushuka sentimita 7, na ukirandwa hubaki kama 9.5 na kushuka 6.7. Nafasi ikiwa ndogo kuliko mshuko huo, mwale hauna pa kupita hata jua likiwa limefika upeo wa macho. Fundi akikuambia nafasi ya sentimita 10 itaokoa mbao, ujue kila jioni utakuwa na mistari ya jua kitandani.

Chonga kipande kimoja cha mbao cha kupimia nafasi na kingine cha kupimia nyuzi 45, kisha chora mistari yote kwenye fremu kabla ya kufunga luva ya kwanza. Toboa tundu dogo kabla ya kila skrubu, la sivyo mbao itapasuka mwishoni. Skrubu ziwe zisizoshika kutu au zilizozamishwa zinki. Zile nyeusi za jipsamu zikifungwa mbao ya nje pwani huanza kuliwa na kutu mapema na kuiachia mbao. Ncha za nje zifungwe skrubu mbili kupitia fremu, ncha za kwenye nguzo ya kati zifungwe kwa mshazari. Paka luva rangi nyeupe au ya maziwa kabla ya kuzifunga, pande zote nne pamoja na ncha zilizokatwa, maana hapo ndipo maji huingia. Rangi nyeupe inarudisha joto nje na pia inapenyeza mwanga ndani kwa kuudundisha kutoka luva hadi luva. Chumba kitapungua mwanga, hilo likubali, lakini hakitakuwa giza.

Kizuizi hiki kina uzito wa kilo 60 na zaidi, hasa mbao zikiwa bado mbichi. Kinabebwa na watu watatu. Hapa ndipo hatari ilipo: bolti ya kujitanua ikikazwa kwenye tofali la bloku lenye saruji kidogo, tofali linabomoka na bolti inatoka kwa mkono. Uzito wote uchukuliwe na lenta, ile boriti ya zege iliyo juu ya dirisha. Weka mabano matatu ya chuma juu, kila moja na bolti mbili za milimita 10 zilizoingia kwenye zege ya lenta, na matatu chini ya kuzuia kuyumba tu, hayo yatoshe kwa fisha (plagi za plastiki za ukutani) na skrubu ndefu. Acha nafasi ya sentimita 10 hadi 15 kati ya fremu na ukuta. Nafasi hiyo hupandisha hewa moto juu na kukupa pa kupitisha brashi ya kufagia utando wa buibui. Kama dirisha lina grili na ndilo njia pekee ya kutokea moto ukizuka, funga kizuizi kwa bawaba na komeo la ndani, na grili nayo iwe na sehemu inayofunguka.

Ukimaliza, wati zile 720 zinashuka hadi chini ya 150, nyingi zikiwa ni mwanga uliotawanyika. Vioo vingi vya dukani havifanyi hivyo.

Njia za bei nafuu

Neti ya kivuli inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo kwa ajili ya vitalu vya miche inafanya kazi nzuri. Chagua ya asilimia 70 au 80, itandaze kwenye fremu ya mabomba mepesi au mianzi, na uiweke sentimita 15 mbali na ukuta. Ikigusana na kioo inapoteza faida, kwa sababu yenyewe inapata moto na kuupeleka kwenye kioo. Pindo likunjwe mara mbili na kufungwa kwa waya kila sentimita 20, la sivyo upepo wa kusi utaichana kuanzia kwenye kona. Neti huchakaa kwa jua. Ikianza kutoa unga ukiisugua kwa kidole, badilisha.

Mpasheni uliopandishwa kwenye waya mbele ya dirisha nao ni kivuli kizuri, na majani hayahifadhi joto kama bati. Mpe mmea nafasi ya nusu mita kutoka ukutani ili unyevu usikae kwenye plasta. Mwarobaini au mti mwingine wa kivuli upandwe mita 4 hadi 5 kutoka kwenye msingi, upande wa magharibi, ukijua utasubiri miaka.

Mapazia na tinti

Pazia liko ndani. Mwale umeshapita kioo, umeshakuwa joto, na pazia linachoweza kufanya ni kurudisha sehemu yake nje. Pazia lenye mgongo mweupe, lililo karibu na kioo, hupunguza theluthi moja hivi. Pazia zito jeusi linageuka kuwa hita. Kama ndilo ulilonalo na hutaki kulibadili, shonea kitambaa cheupe upande unaotazama nje.

Tinti imezoeleka kwa sababu ya magari, na watu huinunua kwa kuangalia weusi. Weusi hauna uhusiano wa moja kwa moja na joto. Plastiki nyeusi ya bei ya chini inameza joto, kioo kinachemka, kisha kinalitoa pande zote mbili, pamoja na ndani. Uliza muuzaji karatasi ya kiwanda na utafute namba iliyoandikwa TSER, yaani asilimia ya joto lote la jua inayokataliwa. Chini ya 50 usihangaike nayo. Zile zenye utando wa metali zinazoakisi hufika juu ya hapo, ila usiku zinageuka: taa ikiwaka ndani, wa nje wanakuona na wewe unajiona kwenye kioo.

Ubandikaji wake ni kazi ya subira. Osha kioo kwa maji na matone machache ya shampuu ya watoto kwa lita moja, kisha kwangua kioo chote kwa wembe mpya, kwa sababu punje moja ya rangi au plasta huacha kipele kisichoondoka. Ondoa karatasi ya mgongo huku mwenzako akinyunyizia maji upande wenye gundi. Bandika, nyunyiza juu, kisha sukuma maji kwa raba kuanzia katikati kwenda pembeni. Kata ukiacha milimita 1 hadi 2 kati ya plastiki na raba ya fremu. Ukungu na vifuko vidogo vya maji vitaonekana kwa wiki kadhaa vikikauka. Usivitoboe, na usioshe kioo kwa mwezi mmoja.

Kioo kinaweza kupasuka baada ya kutiwa tinti. Sababu ni kwamba katikati inapata moto na kupanuka wakati kingo zilizofichwa ndani ya fremu bado ni baridi. Ufa huanza ukingoni, ukiwa wima kwa ukingo huo, kisha hupinda. Kioo chenye kingo zilizomeguka, kioo chenye waya ndani, kioo cha tabaka na vioo viwili vilivyounganishwa visitiwe tinti inayomeza joto mpaka aliyekitengeneza kioo akubali kwa maandishi.

Chumba cha upepo na chumba cha kiyoyozi

Amua kila chumba ni cha aina gani, kwa sababu dirisha zuri kwa kimoja ni baya kwa kingine. Chumba cha upepo kinahitaji uwazi mkubwa. Dirisha la alumini la kusukuma linafunguka nusu tu, na wavu wa mbu unapunguza tena. Dirisha la bawaba au la luva za vioo linafunguka karibu lote. Kwa chumba kisicho na kiyoyozi, kubadilisha dirisha la kusukuma kwa la bawaba ni sawa na kuongeza dirisha la pili. Kaskazi huvuma miezi ya joto, kusi huvuma katikati ya mwaka. Uwazi mmoja uupokee upepo na mwingine, ukuta wa pili, uutoe. Osha wavu kila mwezi. Wavu uliojaa vumbi na chumvi ni ukuta.

Chumba cha kiyoyozi kinahitaji kufungika. Jaribu hivi: funga madirisha na mlango, washa feni ya kutolea hewa ya bafuni au ya jikoni, washa kijiti cha udi, kisha kitembeze taratibu kuzunguka fremu, kwenye mkutano wa shata mbili (zile sehemu za dirisha zenye kioo zinazosogea), kwenye kona za chini, na juu ya lenta. Moshi ukiyumba kwa ghafla, hapo pana mwanya. Weka alama kwa penseli.

Mara nyingi mwanya mkubwa kuliko yote hauko dirishani. Ni yale matundu ya hewa juu ya dirisha yaliyojengwa tangu mwanzo, na tundu la bomba la kiyoyozi ambalo fundi aliliacha wazi. Matundu ya hewa usiyazibe kwa plasta. Tengeneza kifuniko cha mbao chenye raba pembeni na bawaba, ili umeme ukikatika uyafungue. Kama ndani ya nyumba kuna jiko la gesi au la mkaa, jikoni pabaki na matundu yake wazi daima.

Kwenye dirisha la kusukuma, kinachochoka ni brashi, ile manyoya inayopita kwenye mfereji wa shata. Chumvi na mchanga huilaza. Nyanyua shata juu ndani ya reli ya juu, vuta sehemu ya chini kuelekea kwako, itoke. Chomoa brashi ya zamani kwa koleo, kata kipande cha sentimita 5 uende nacho dukani, maana upana wa kitako na urefu wa manyoya hutofautiana, na iliyozidi kimo inafanya shata lisisogee. Dirisha la shata mbili la ukubwa tuliotaja linahitaji hadi mita 15. Kabla ya kurudisha shata, safisha reli, kaza skrubu iliyo pembeni chini inayopandisha magurudumu mpaka shata lisimame sambamba na fremu, na uzibue vitundu vidogo vya kutolea maji kwenye reli ya chini. Kuna mafundi wanaovipaka silikoni wakidhani ni mianya. Mvua ya masika ikija, maji yanajaa reli na kumwagikia ndani.

Kati ya fremu na ukuta tumia silikoni isiyo na harufu ya siki. Ile ya siki inakula metali na haishiki vizuri kwenye saruji. Kwangua plasta iliyolegea, pangusa vumbi kwa brashi kavu, na kama mwanya unazidi milimita 6 sukumia kwanza kamba ya sponji ndani, ili silikoni ishike pande mbili tu na iweze kunyumbuka. Ikishika na nyuma pia, itachanika alumini inapopanuka kwa jua. Mwanya wa milimita 6 kwa kina cha 6 hula chupa ya mililita 300 kila mita 8, na dirisha letu lina mzunguko wa mita 5.4. Usijaze mwanya kwa saruji mbichi iliyogusana na alumini. Chokaa yake huichubua na kuacha madoa yasiyotoka.

Ukiona kioo kinatoa jasho upande wa nje asubuhi, hakivuji. Hewa ya pwani mwezi Machi ina unyevu mwingi kiasi kwamba kitu chochote chenye baridi chini ya nyuzi 24 hivi kinalowa. Kiyoyozi kimewekwa 18. Kipandishe hadi 25 au 26, washa feni ya dari, na jasho litakoma pamoja na ukungu wa kwenye kingo za mbao.

Ukifika kwenye kioo

Kivuli kimekamilika, mianya imezibwa, na bado chumba kina kioo kikubwa kinachotazama baharini ambacho hutaki kukifunika. Hapo kioo maalumu kina nafasi yake. Namba ya kutazama ni SHGC, au herufi g kwenye vioo vya Ulaya: sehemu ya joto la jua inayoingia. Kioo cha kawaida ni 0.8 hivi. Vioo viwili vya kawaida ni 0.7, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Kioo cha rangi ya kijani, kijivu au shaba cha milimita 6 ni karibu 0.6. Kioo cha lo-i (low-E, chenye mpako mwembamba sana unaoakisi joto) kilichotengenezwa kwa ajili ya jua kali kinaweza kushuka hadi 0.35 au chini zaidi. Sema wazi unataka lo-i ya kuzuia jua, kwa sababu ipo nyingine ya nchi za baridi iliyotengenezwa kuliingiza jua na kulizuia lisitoke, na ukiletewa hiyo chumba chako kitakuwa kitalu cha nyanya. Ikiwa ni vioo viwili, mipako ikae kwenye uso wa ndani wa kioo cha nje, ambako haikwanguliwi na joto lake hutoka nje.

Kwa aliye kwenye nyanda za juu zenye baridi, kama Njombe, Makete au Limuru, mpangilio wote huu unageuka. Huko usiku wa Julai ndio tatizo, jua la kaskazini linakaribishwa, mianya huzibwa kwanza, na kioo cha pili kina thamani kweli. Njia rahisi ni karatasi ngumu ya akriliki ya milimita 3 iliyofungwa ndani ya fremu, milimita 15 hadi 20 kutoka kwenye kioo, ikiwa na utepe wa sponji pande zote na skrubu za kufunguka msimu wa joto ukifika. Chumba kilichozibwa hivyo kisiingizwe jiko la mkaa hata kwa dakika chache za kupasha miguu: hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, na aliyelala haamki.